Jua la Msimbu na Gesi ya Ruvu

Mwanaamina binti Zahoro alikuwa ameinama anang'oa mche wa mwembe siku mwanawe Yahya alipokuja kumwambia kwamba shamba lao limechaguliwa.

Mche wenyewe ulikuwa mdogo, majani yake bado mekundu. Kila masika ni hivyo hivyo. Watu wanapita na maembe yao, wanakula, wanatupa kokwa, mvua ikinyesha makokwa yanaota katikati ya mihogo. Na kila masika Mwanaamina anapita tuta kwa tuta anang'oa. Mwembe anang'oa, mkorosho anang'oa, hata mpapai, ambao wengine wanasema si mti, nao anang'oa. Aliushika ule mche chini kabisa, akauvuta ukatoka na kokwa lake, akautupa njiani. Kiuno kikamkumbusha umri wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Leo hukwenda kazini?"

"Ndiyo niko kazini hapa, mama."

Yahya alikuwa amevaa viatu vya ofisini, vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Alikuwa akikaa Kibaha, Maili Moja, na kila kukicha akishuka Dar kwenye shirika la umeme, idara ile inayokaa kufikiria umeme wa miaka ijayo utoke wapi. Mwanaamina hakuwahi kuiona idara hiyo, lakini alijivunia. Kisimani alikuwa akiwaambia wenzake: watoto wa watu wanapanda nguzo, wangu mimi anapanga nguzo zisimame wapi. Wakicheka, wacheke.

Ila siku hiyo alipomtazama vizuri, moyo ulimshuka. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, na kola ya shati ilimlegea shingoni kama ya kuazima.

"Umekonda."

"Sijakonda. Nimechoka tu."

"Hulali?"

"Nalala, mama. Sipumziki."

Jua lilikuwa kali, na katika shamba lake hapakuwa na kivuli cha kukaa mtu. Wakavuka mpaka, wakaenda kukaa chini ya mkorosho wa jirani, kama Mwanaamina alivyozoea kufanya tangu ujana wake kila alipotaka kula chakula cha mchana.

Yahya akaeleza. Umeme wa jioni hautoshi, alisema. Watu wanarudi makwao saa moja, wanawasha kila kitu kwa pamoja, pasi, friji, televisheni, na kila mwaka watu wanaongezeka. Bwawa kubwa lipo, lakini nchi nzima haiwezi kuegemea maji peke yake, mvua ikigoma itakuwaje? Ofisini wamegawanyika. Wengi wanataka ujengwe mtambo wa gesi upande wa Ruvu. Wachache, na yeye mmoja wao, wanataka uwanja wa sola hapa Msimbu, pamoja na betri za kuweka umeme wa mchana utumike jioni.

"Na gesi ina ubaya gani?" Mwanaamina akauliza. "Si ya kwetu wenyewe, inatoka Mtwara?"

"Haina ubaya mkubwa, nisiseme uongo. Unawasha ukitaka, unazima ukitaka, na mtambo hauli ardhi. Lakini kila siku ya Mungu unainunua. Ukishaujenga ule mtambo, mama, ndiyo umeoa. Miaka thelathini unalisha. Na moshi upo, hata kama huuoni kwa macho. Jua ukishalipia vioo vyake, basi, hakuna atakayekuletea bili ya jua."

"Na masika?"

Yahya akajifuta uso. "Hapo kwenye masika ndipo wanaponibana."

Mwanaamina akacheka, kicheko cha kuchoka. "Ile taa ya sola uliyoniletea, masika yakiingia inazimika hata sijamaliza kula. Na mtungi wako wa gesi uko uvunguni tangu Idi, umekwisha, nafunikia kitambaa panya wasiuchezee. Mimi napikia kuni. Sasa unaniuliza mimi nichague kipi?"

"Sikuulizi uchague, mama. Nimekuja kukwambia kwamba safari hii wamenisikiliza."

Akatoa simu, akamwonyesha picha iliyopigwa kutoka juu na kindege kisicho na rubani. Mwanaamina akaisogeza mbali na macho ndipo akaona. Msimbu yote ilikuwa nyeusi kwa miti, mikorosho na minazi na miembe imebanana, na katikati umepita ukanda mrefu mweupe, kama mtu aliyenyolewa kichwa katikati.

"Unauona? Ukanda wote huu hauna mti hata mmoja. Hakuna msitu wa kukata, hakuna nyumba, hakuna mtu wa kuhamishwa. Ofisini walipouona wakanyamaza. Na shamba letu liko mwanzoni kabisa, hapa, karibu na barabara. Nikawaambia tuanze na la kwetu, asije mtu akasema Yahya anagawa mashamba ya wenzake. Mkutano ni Jumamosi. Watu wakikubali, karatasi inakwenda juu. Wakikataa, inakwenda ya gesi."

Mwanaamina akairudisha simu.

"Yahya. Shamba hili..."

"Mama, miaka mitatu nawapigia kelele watu hawa," Yahya akasema. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye shina la mkorosho, macho ameyafumba. "Miaka mitatu naitwa Bwana Jua. Nikiingia ofisini wananiuliza, leo umewaka? Mara hii moja tu nimewapata."

Mama yake akaitazama ile kola iliyomlegea. Akafungua kibakuli cha mihogo ya kuchemsha, akamsogezea.

Watu wa mjini hawalijui jambo hili, na watoto wetu waliokulia mjini hawalijui vilevile. Kwa watu wa pande hizi, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ukipanda mnazi kwenye shamba la mtu, umelidai. Wewe utakufa, wajukuu zako watakuja waseme huu kaupanda babu yetu, na hakuna mzee atakayewakatalia. Kwa hiyo mtu akikuazima shamba, anakuazima kwa sharti: lima kinachokwisha kwa mwaka, mti usipande.

Mwanaamina aliletwa Msimbu akiwa mwari, miaka ile watu walipokusanywa kuja kukaa vijijini. Walikuja na mikeka na sufuria, mashamba yao wameyaacha nyuma. Bi Zuleha wa kina Jumbe alikuwa na ardhi ndefu aliyoachiwa na baba yake. Akawaita wanawake wageni, akawapimia kwa fito, huyu hapa, yule pale, akawaambia limeni msife njaa, mti msipande. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kahawa na wazee wawili wa kushuhudia. Wote walilima, na hakuna aliyepanda mti. Wakafa mmoja mmoja, watoto wao wakaendelea kulima, na watoto hawakupanda kwa sababu mama zao hawakupanda, hata hawakujua kwa nini. Ukanda ule mweupe wote kwenye simu ya Yahya ulikuwa neno la Bi Zuleha.

Na marehemu mumewe Mwanaamina, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kujikweza kidogo. Yeye ndiye aliyezoea kumwambia Yahya "shamba letu, shamba letu." Mwanaamina alikuwa akimwachia. Mwanamume naye anataka kitu cha kumwonyesha mwanawe.

Ijumaa alasiri akajifunga kanga, akaenda kwa Said Jumbe.

Said ndiye mtoto wa mwisho wa Bi Zuleha. Alifanya kazi Dar miaka mingi, akarudi na goti bovu na maneno mengi. Walikuwa wa rika moja, na walizoeana kwa matani.

"Ah, mama mhandisi!" akasema alipomwona. "Umekuja kunifungia umeme wa bure?"

"Nimekuja kukutazama kama bado uko hai. Umesikia habari za kesho?"

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

Said akanyoosha goti lake taratibu. "Mimi sisemi kitu."

"Ni shamba la mama yako, Said."

"Najua la nani. Tena najua na fito iliyopimiwa. Lakini mama yangu aliwapa watu walime. Mimi nisimame mbele ya watu, niseme rudisheni? Nitaonekana mtu gani? Mtu aliyesubiri wazee wafe ndipo adai?" Akatikisa kichwa. "Mwenye kuazimisha hasemi, Mwanaamina. Unajua hivyo. Wakichukua, wamechukua."

"Na ndugu zako?"

"Ndugu zangu wametawanyika. Nani atawauliza?"

Mwanaamina akainuka. Aliyeazimisha hasemi kwa kuona haya. Walioazimwa hawasemi kwa kutojua. Aliyebaki anajua na anaweza kusema alikuwa yeye peke yake, na maneno hayo yangeangukia kichwani kwa mwanawe. Alirudi nyumbani bila hata kunywa maji. 

Jumamosi watu walijaa kwenye ofisi ya kijiji mpaka nje. Mkuu wa Yahya alikuja mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, Stellamaris, Msukuma wa Shinyanga. Alipotaja kwao tu, watani wakamrukia.

"Msukuma! Ng'ombe wako umemwachia nani?"

"Nimewaachia Wazaramo wanichungie," akajibu. "Najua nikirudi nitakuta mmekwenda kwenye ngoma, ng'ombe wamejichunga."

Watu wakacheka mpaka wengine wakajipiga mapaja. Alikuwa mtu wa kupendeka, na alieleza mambo bila kuzunguka. Akasema gesi ina nini na jua lina nini. Hakuficha kwamba betri zinazeeka, hakuficha kwamba bomba la gesi linaweza kupungukiwa. Mzee mmoja akauliza kama vioo vitavuta radi. Mama mmoja akauliza kama umeme wa jua utakatika kama huu uliopo, au utakuwa na adabu. Yahya akajibu yote. Akizungumza juu ya jua, uchovu ulimtoka usoni, na Mwanaamina alipomwona hivyo akatamani mkutano uishie pale pale.

"Sasa," Stellamaris akasema, "wenye mashamba ya ukanda huu, nataka niwaone."

Mikono ikanyanyuka. Hemedi akanyanyua, mtoto wa marehemu rafiki yake Mwanaamina. Wakanyanyua na wengine. Said Jumbe alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, anatazama goti lake.

"Na mama yetu, mama Yahya?"

Mwanaamina akasimama. Alijishika kwenye bega la mtu aliyekaa mbele yake.

"Mimi sina shamba pale," akasema.

Watu wakadhani anatania. Wakacheka.

"Sina. Naazima. Na wewe Hemedi unaazima, mama yako aliazima siku moja na mimi, nikiwa nimesimama pembeni yake. Ukanda wote ule ni wa Bi Zuleha Jumbe. Alitupa tulime, akatukataza mti. Mnadhani kwa nini hapana mti? Msimbu hii, mahali ukitema kokwa linaota, mnadhani ukanda mzima umekuwa mtupu wenyewe? Umekuwa mtupu kwa sababu tulikatazwa, na sisi tulikuwa watu wa kusikia."

Hemedi akasimama. 

"Bibi, haya maneno yalikuwa wapi miaka yote? Leo neema imekuja ndiyo unakumbuka?"

"Miaka yote hakuna aliyetaka kulitoa shamba. Cha mtu unakilima tu, hukitoi."

"Bibi huyu amezeeka," mwingine akasema, si kwa sauti ya chini. "Anamharibia mpaka mtoto wake."

Hapo ndipo Mwanaamina alipogeuka akamtazama Yahya. Yahya alikuwa amesimama na ile karatasi ya ramani mkononi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali, akafika mlangoni akaambiwa si hapa.

"Ndiyo maana uling'oa mchungwa wangu," akasema polepole. "Nilikuwa darasa la pili. Nililia siku nzima."

"Nilikwambia mchungwa hauko salama pale."

"Hukuniambia kwa nini, mama."

"Baba yako alikuwa amekaa pale, yeye aliyekuambia shamba ni letu."

Mtendaji wa kijiji akaingilia, akasema ardhi yote ni ya kijiji, mambo ya fito na kahawa yamepitwa na wakati. Stellamaris akamnyooshea kiganja. Akasema haki ya kimila nayo ni haki, na yeye hapeleki juu karatasi yenye mgogoro ndani yake, kwa sababu mgogoro ukishafukiwa chini ya vioo utatoka tu. Kisha akauliza kama yupo mtu wa ukoo huo.

Kila shingo ikageuka nyuma.

Said alichukua muda kusimama, goti halikutaka. "Aliyosema ni kweli," akasema. "Mimi nisingesema."

"Basi, baba, wewe unaridhia mradi?"

"Mimi? Mimi ni mtoto wa mwisho, mama. Siwezi kuridhia cha watu. Tulizaliwa saba kwa mama, na baadhi wamekufa wakaacha watoto. Mpaka tukae wote."

"Mtakaa lini?"

"Wakipatikana."

Stellamaris akashusha pumzi. Akasema kwa upole kabisa kwamba mpango unafungwa mwisho wa mwezi. Kama ukanda wa Msimbu hauna mwenyewe wa kusaini, utakaoandikwa ni wa Ruvu, wa gesi. Jua litawekwa kwenye awamu inayofuata. "Na awamu inayofuata," akaongeza akimtazama Yahya, "wewe unazijua awamu zetu."

Watu wakatawanyika wakinung'unika. Hemedi alipita mbele ya Mwanaamina bila kumwamkia, Hemedi yule aliyenyonya maziwa yake siku mama yake mzazi alipougua. Mwanaamina akalipokea na hilo.

Gari la ofisi likaondoka. Yahya hakupanda. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya kijiji, akavua viatu, akakung'uta udongo, akavivaa tena.

"Umekasirika?" mama yake akamuuliza.

"Sina nguvu ya kukasirika." Akatazama barabara. "Ungenyamaza, mama, nani angejua?"

"Said angejua. Na mimi ningejua, na ningekuwa napita pale kila siku kwenda kisimani, natazama vioo vya Bi Zuleha."

Yahya akafunga kamba za viatu. Baadaye kidogo akasema, kama anayejisemea, kwamba mtambo wa gesi ukishasimama hauondoki. Watakaozaliwa mwaka huu watakuwa na watoto, na bado unalishwa. Mwanaamina alisikia yote. Akamshika mkono akamnyanyua, kama alivyokuwa akimnyanyua zamani, ila safari hii ni yeye aliyeyumba.

"Twende kwa Said."

"Kufanya nini? Imeshakwisha."

"Ninyi mmeanza na picha ya kutoka angani. Huku watu huombwa. Twende tukaombe."

Said aliwapokea barazani, akatoa mkeka, akapiga kelele kahawa iletwe. Hakumtania Mwanaamina siku hiyo. Alimwita dada.

Mwanaamina akasema lililompeleka, kwa taratibu zake zote. Akaanza na dua ya Bi Zuleha, akaja kwenye hisani aliyowafanyia, ndipo akafika kwenye ombi: kwamba mtoto wake amekuja na jambo, amelileta kwa mlango usio wake kwa kutojua, na sasa analileta kwa mlango wenyewe. Yahya akasema na lake, kwa kifupi. Akasema hata kama gesi itatangulia, mwenye ardhi akishapatikana na akakubali, jua la Msimbu litakuwa na mahali pa kukaa, na awamu nyingine hawatakuwa na la kumjibu.

"Vioo hivyo vikija," Said akauliza, "mama yangu atasahauliwa?"

"Uwanja unaweza kuitwa jina lake, baba. Hilo naweza kulipigania."

Said akakizungusha kikombe chake. "Miaka yenyewe tuliyobaki nayo si ya kusubiri awamu," akasema. "Lakini haya. Tuwatafute."

Kahawa ilipokwisha, Yahya alikuwa ameshalala. Alilala pale pale kwenye mkeka, viatu miguuni, simu inaita mfukoni bila yeye kusikia. Gari la mwisho la kwenda Kibaha lilikuwa karibu kupita, na Mwanaamina aliinua mkono amguse bega, akaurudisha. Akamfunika miguu kwa kanga yake ya juu.

"Tuanze na nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tuanze na Raudha, ndiye mkubwa aliyebaki."

"Yuko wapi?"

"Mara ya mwisho alikuwa Mlandizi, kwa mkwewe. Ila mkwe mwenyewe nasikia alihama."

"Alihamia wapi?"

"Dutumi. Au Ruvu huko huko. Hebu ngoja nikumbuke."

Mwanaamina akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akamngojea akumbuke.